Bima ya nyumba Malindi imefika shilingi 38,713. Nimezunguka meza tano, nishaurini kabla sijalipa

BintiBarani (Malindi), Jumapili, saa 3 usiku

Assalaam alaikum ndugu zangu wa pwani, na wengine hamjambo nyote.

Naandika karatasi zote zikiwa mezani mbele yangu. Nilipotafuta mtu wa kunieleza kwa Kiswahili habari za bima ya nyumba nilikosa, kwa hivyo nitaeleza kila kitu hapa, na mwisho nina swali. Bima ya gari kila mtu anaijua kwa sababu askari wa barabarani ataiuliza. Ya nyumba hakuna anayekuuliza mpaka siku ya moto.

Nyumba yetu iko mtaa wa Barani. Vyumba vitatu, kuta za mawe, paa la mabati, na uani kuna banda la makuti alilolijenga marehemu baba ili akae na wageni wake alasiri. Baba ndiye aliyekata bima, miaka sita sasa, na tangu atutoke nalipa mimi. Kila mwaka ajenti hunitumia ujumbe kwenye simu, nalipa, yamekwisha. Mwaka jana ilikuwa 31,200. Mwaka huu ujumbe umekuja na 38,713. Katika miaka yote sita hatujadai hata senti moja.

Nikampigia ajenti. "Dada, bei zimepanda kila mahali." Huenda ni kweli. Lakini sokoni mtu akikwambia nazi zimepanda, unapita meza ya pili ukaulize. Nikapita meza ya pili, na ya tatu, hadi ya tano: ofisi mbili hapa mjini, broka (dalali wa bima) mmoja wa Mombasa kwa simu, benki ninakoweka akiba, na kampuni moja niliyoijazia fomu kwenye tovuti yake. Bei ya chini ilikuja 22,000 na kitu, ya juu 41,000. Nyumba ni ile ile.

Ile ya 22,000 ilinifurahisha sana, nikaipeleka kwa mama jioni hiyo hiyo. Mjomba alikuwa amekuja kutujulia hali. Akavaa miwani, akasoma polepole, akauliza, "Nyumba mmeiandika thamani gani hapa?" Kutazama, milioni 3. Kwenye mkataba wa baba ni milioni 7. Mjomba akasema, "Huyu hakukupunguzia bei, amekupunguzia nyumba."

Sikumwelewa mpaka aliponichorea hesabu nyuma ya bahasha. Nyumba ya kujengwa kwa milioni 6 ukiikatia bima ya milioni 3, kampuni inahesabu kwamba nusu ya nyumba umeibeba mwenyewe. Jiko likiungua, hasara ikawa milioni 1, hulipwi milioni 1. Unalipwa 500,000. Mimi nilidhani milioni 3 ni kikomo tu, kwamba hasara ndogo chini ya hapo italipwa yote. Sivyo hata kidogo.

Kesho yake nikamwita fundi aliyetujengea, pamoja na mkadiriaji wa majenzi anayefanya naye kazi. Niliwauliza jambo moja: nyumba hii ikianguka leo, kuondoa kifusi na kuisimamisha tena kama ilivyo ni kiasi gani? Wakapima, wakaandika: nyumba milioni 5.3, banda 300,000. Ile milioni 7 ya baba ilitoka kwa jirani aliyeuza nyumba yake mwaka ule, na bei ile ilikuwa na kiwanja ndani. Kiwanja hakiungui. Miaka sita tumelipia bima ya mchanga.

Jambo la pili ndilo lililoniuma zaidi. Nilimwomba ajenti nakala ya fomu ya kwanza kabisa, ile iliyojazwa siku baba alipojiunga. Ilichukua siku nne kufika. Kwenye mstari wa paa pameandikwa kwa kalamu neno moja: makuti. Si mwandiko wa baba. Kwa ajili ya neno lile, nyumba nzima imekuwa ikitozwa asilimia 0.3 ya thamani yake kama nyumba ya makuti, ilhali makuti yako kwenye banda, na banda liko mbali. Nilipima kwa futi kamba, mita 9 kutoka ukuta wa jikoni.

Nikaandika karatasi ya ukurasa mmoja: thamani ya kujenga upya, paa la mabati, banda peke yake na umbali wake, madirisha yana vyuma, mlinzi wa usiku tunayemlipa pamoja na majirani wawili, miaka sita bila dai, na picha nane. Nikaituma kwa wote watano, pamoja na kampuni yetu ya zamani. Hapo ndipo bei zilipoanza kulinganishika, maana kila mmoja sasa alikuwa akipima kitu kile kile. Ofisi moja ya hapa mjini imeteremka hadi 26,408, kila kitu ndani. Kampuni ya zamani ajenti anasema "ofisi kuu inaangalia."

Mkataba wa sasa unaisha baada ya siku tisa. Mama anasema usiache mbachao kwa msala upitao. Je, nihame au nisubiri?

ZamaniAjenti (Mombasa), Jumapili, saa 4 usiku

Wa alaikum salaam dada. Poleni kwa msiba wa mzee, Mungu amlaze pema.

Niliuza bima miaka 11 kabla sijaacha, na nakwambia wazi: kazi uliyoifanya ni wateja wachache sana wanaoifanya. Neno moja la fomu linaishi miaka. Ajenti alijaza haraka, mzee akatia sahihi, na tangu hapo hakuna aliyelisoma tena, kila mwaka kompyuta inanakili.

Kabla sijajibu swali lako niulize mimi: eksesi ni ngapi kwa kila moja? Yaani kile kiasi cha kwanza utakachobeba mwenyewe dai linapotokea. Bei zikikaribiana, tofauti mara nyingi imefichwa hapo. Tazama hasa sehemu ya wizi. Utakuta imeandikwa asilimia 10 ya dai, lakini isipungue kiasi fulani. Hicho kiasi fulani ndicho cha kupatania.

Pia naomba utuwekee mchanganuo wa hiyo 26,408. Nikiona sehemu moja moja nitakwambia palipobaki nyama.

BintiBarani, Jumatatu, saa 1 asubuhi

Shukran kaka. Mchanganuo ni huu, nimeunakili kama ulivyo. Nyumba milioni 5.3 kwa asilimia 0.2 ni 10,600. Banda 300,000 kwa asilimia 1 ni 3,000. Vyombo na samani 850,000 kwa asilimia 0.9 ni 7,650. Kompyuta ninayotembea nayo, 80,000 kwa asilimia 5, ni 4,000. Bima ya dada anayetusaidia kazi 1,000. Jumla 26,250, kisha tozo za serikali na stempu.

Eksesi ya wizi sikuwa nimeitazama. Nimeitafuta sasa hivi: asilimia 10, isipungue 30,000. Kwenye mkataba wa zamani ni asilimia 10, isipungue 10,000. Kaka, ningelipa bila kuona hilo.

ZamaniAjenti, Jumatatu, saa 2 asubuhi

Tozo zako ziko sawa: asilimia 0.2 ya hiyo 26,250 ni ya mafunzo na 0.25 ni ya mfuko wa kufidia wenye bima, kisha stempu shilingi 40. Hapo hakuna wa kukupunguzia, ni sheria. Mtu akikwambia "nitakusamehe tozo" mwogope.

Kwenye asilimia ndiko kuna maelewano. Kompyuta kwa asilimia 5 ni kawaida, vitu vya kutembea navyo ni ghali kwa sababu hupotea sana. Jiulize kama unaihitaji sehemu hiyo. Ikikaa nyumbani daima, iandike pamoja na vyombo, itakuwa asilimia 0.9. Ikitoka nayo kila siku, iache ilipo. Ya msaidizi wa nyumbani usiiguse hata ukibanwa vipi. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awe na bima ya mfanyakazi wake, na mtu akiteleza ngazini kwako, gharama yake haifanani na hiyo elfu moja.

Sasa jibu. Usihame bado. Ichukue hiyo 26,408 pamoja na barua yake, nenda mwenyewe kwa kampuni ya zamani, usimtume ajenti. Muulize meneja wa tawi maneno mawili tu: mtarekebisha paa? Na mtafika wapi? Wao wana miaka sita yako bila dai kwenye mafaili yao. Huyo mpya anakuamini kwa mdomo.

MamaMkomani (Lamu), Jumatatu, saa 7 mchana

Mwanangu, nimesoma uzi wako wote. Na mimi nieleze ya huku Lamu, maana yetu ni tofauti kidogo na anayesoma kutoka kisiwani asije akanakili hesabu za Malindi.

Nyumba yangu iko Mkomani, ndani ya mji mkongwe. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa mkono mzima, dari za boriti za mikoko, na ndani kuna zidaka za plasta alizozichonga fundi wa babu. Nilipoomba bima mara ya kwanza, kijana wa simu aliniuliza, "Gari la zimamoto hufika kwa dakika ngapi?" Nikamwambia mwanangu, huku kwetu hata teksi haifiki. Vichochoro vyetu punda wawili wakikutana mmoja hurudi nyuma. Akaweka alama fulani kwenye kompyuta yake, bei ikaruka.

Sikukasirika. Niliandika barua kama wewe. Nikaeleza kuwa paa langu si makuti, ni sakafu ya chokaa juu ya boriti. Kuna kisima uani na birika la maji juu, pampu ipo, mpira wa maji unafika kila chumba. Jiko la mkaa haliwashwi juu darini. Mitungi miwili ya kuzimia moto, nikatuma picha ya kibandiko cha tarehe ya ukaguzi. Wakashusha, si sana, lakini walishusha.

Pale pa kujihadhari zaidi ni thamani. Mji wetu uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, na nyumba za mji mkongwe haziinuliwi upya kwa matofali ya simiti mtu anavyotaka. Unarudisha kwa mawe, chokaa na boriti, kwa mafundi wanaojua, na mafundi hao si wengi. Kwa hiyo mkadiriaji aliyezoea nyumba za Malindi au Mombasa akija kukupigia hesabu kwa mita za mraba za simiti, atakuandikia chini. Halafu ile hesabu ya mjomba wako nyuma ya bahasha ndiyo itakayokukuta. Mimi nilimchukua fundi chokaa, akahesabu chumba kwa chumba, hata mlango wa mbele wa kuchonga akauandika peke yake. Vitu vya urithi viorodhesheni kimoja kimoja, na picha, kwa sababu mikataba niliyoiona yote ina kikomo cha kitu kimoja kisichoorodheshwa.

Lingine la Lamu: ulizeni kuhusu fujo za kisiasa na ugaidi. Tangu yale mashambulizi ya Mpeketoni, Juni 2014, kila anayetukatia bima kaunti hii analiangalia, na mkataba wa kawaida hauna. Ni nyongeza ya pesa zaidi. Mimi niliiongeza. Kila mtu na moyo wake.

NahodhaShela (Shela, Lamu), Jumatatu, saa 11 jioni

Shikamoo mama. Umesema yote, mimi naongeza moja tu, linaniuma kila nikilisema.

Nyumba yangu ya Shela ilikuwa na makuti juu, kama nyingi za hapa, kwa ajili ya upepo na wageni. Ilikuwa msimu wa kaskazi, upepo mkali, cheche ikatoka jirani. Makuti makavu hayangoji mtu. Kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai juu kote kulikuwa kumekwisha, na boriti za dari ya chini zimeshika. Watu walipitishiana ndoo kutoka baharini, Mungu awalipe, ndiyo iliyookoa vyumba vya chini.

Hasara ilipimwa 1,200,000. Kujenga upya nyumba nzima ilikadiriwa milioni 8. Bima nilikata ya milioni 4, kwa sababu mwaka ule biashara ilikuwa mbaya, nikamwambia ajenti "nifanyie ya bei nafuu." Alinifanyia. Nikalipwa 600,000 kasoro eksesi. Sikudhulumiwa, karatasi ilisema hivyo na sahihi ni yangu. Lakini hakuna aliyenieleza siku ya kutia sahihi, na mimi sikuuliza. Nilichookoa kwa mwaka hakikufika elfu 15.

Dada wa Barani, mjomba wako mpe heshima yake.

MsimamiziCasuarina (Malindi), Jumatatu, saa 2 usiku

Habari zenu. Mimi nasimamia nyumba za watu walio nje, wenyewe huja Desemba na Agosti. Je, hizi za kukaa tupu miezi nane zinapata bei kama za kwenu?

ZamaniAjenti, Jumatatu, saa 3 usiku

Hapana, na usijaribu kuzipata kwa kunyamaza. Mikataba mingi ya nyumbani ina kifungu kwamba nyumba ikikaa bila mtu zaidi ya siku kadhaa mfululizo, mara nyingi 30, sehemu ya wizi inasimama. Waambie tangu mwanzo: nyumba ya likizo, tupu miezi fulani, msimamizi yupo, analala hapo au hupita kila siku. Kama kuna chumba cha mlinzi uani, sema. Andika daftari la kila unapopita, tarehe na saa. Utalipa zaidi, lakini siku ya dai hutaulizwa swali usiloweza kulijibu. Na kutu, wewe uko Casuarina, unajua. Bima hailipi kilicholiwa na chumvi pole pole. Hilo ni la fundi.

KijanaWaKisumuNdogo (Malindi), Jumatatu, saa 3 na nusu usiku

Swali la haraka: mimi mpangaji, nyumba si yangu. Bima inanihusu? Na takaful, ile bima ya Kiislamu, je, huko bei hupatanwa?

BintiBarani, Jumatatu, saa 4 usiku

Inakuhusu ndugu yangu, kwa upande wa vyombo vyako. Nyumba ni ya mwenye nyumba, lakini televisheni, friji, kitanda na nguo ni zako, na bima ya mwenye nyumba haikulipi hata kijiko. Omba bei ya vyombo peke yake. Hesabu chumba kwa chumba na kalamu mkononi. Mimi nilidhani vyetu ni 900,000, nilipohesabu kweli vikawa 850,000. Uliza pia kama watalipa thamani ya kitu kipya au ya kilichochakaa, maana ikiwa ya kilichochakaa, sofa la miaka saba halitakulipa sofa jipya.

Takaful, wenye ilimu yake ndio waeleze vizuri, lakini nilivyoeleweshwa nilipouliza ni kwamba michango inaingia mfuko wa pamoja, mwendeshaji anachukua ujira wake, na ziada ikipatikana hugawanywa kwa wanachama. Kenya ipo tangu 2011. Wao nao wanaangalia paa, mlinzi na thamani vile vile, kwa hiyo karatasi yako ya ukurasa mmoja itafaa huko pia.

ZamaniAjenti, Jumanne, saa 1 asubuhi

Sahihi. Niongeze la malipo, kwa sababu nimeona watu wakilia. Kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima kinasema bima haianzi mpaka malipo yafike. Ahadi ya ajenti kwamba "nimekuwekea, utalipa mwisho wa mwezi" haina nguvu. Na ukilipa, lipa kwa namba ya malipo ya kampuni yenyewe, si simu ya mtu, hata kama ni ndugu yako wa damu. Ajenti, broka na kampuni, wote leseni zao zimo kwenye orodha ya Mamlaka ya Kusimamia Bima, ile tuiitayo IRA, inasomwa bure. Kampuni ikikusumbua kwenye dai, malalamiko nayo hupelekwa huko bila ada.

MamaMkomani, Jumatano, saa 4 asubuhi

Mwanangu wa Barani, umefika wapi? Siku zinakwenda.

BintiBarani, Alhamisi, saa 12 jioni

Mama yangu, shikamoo. Nimetoka huko leo.

Nilikwenda mwenyewe kama kaka alivyosema, nikiwa na bahasha: karatasi ya ukurasa mmoja, picha, barua ya 26,408, na ile fomu ya zamani. Meneja wa tawi ni mama wa makamo, alinikaribisha kiti. Sikuanza na bei. Nilimwekea fomu mezani, nikaweka kidole kwenye neno makuti, pembeni nikaweka picha ya paa. Alitazama kimoja, akatazama kingine, akamwita kijana wake, "Hii miaka yote tumeitoza hivi?" Kijana hakuwa na jibu.

Akaomba nusu saa. Niliporudi walikuwa wamerekebisha: nyumba mabati, asilimia 0.2, banda mbali kwa asilimia 1. Vyombo hakukubali kushuka chini ya asilimia 1, nilijaribu mara mbili. Jumla na tozo ikawa 27,262. Nikamwonyesha ya 26,408. Akasema, "Mwanangu, hapo siwezi kufika, lakini eksesi yako ya wizi nitaiacha kwenye 10,000, na nitakuandikia barua."

Nilikaa nje kwenye ngazi na simu, nikapiga hesabu. Tofauti ni shilingi 854 kwa mwaka. Kwa hizo 854, mwizi akiingia, nabeba 10,000 badala ya 30,000. Hapa mtaani petu mwaka jana waliingia nyumba mbili.

Nimebaki na kampuni ya zamani. Nililipa pale pale kwa namba yao ya malipo, risiti ikaingia kabla sijavuka barabara. Niliuliza pia habari ya pesa za ziada tulizolipa miaka iliyopita kwa ajili ya neno lile. Meneja amesema niandike barua, hakuahidi. Nimeshaiandika, naipeleka kesho asubuhi na nakala ya fomu, nao watanigongea muhuri wa kupokea. Nitarudi hapa kuwaeleza wakijibu.

Mkataba wenyewe umefika kwenye simu saa kumi. Ukurasa wa pili, mstari wa paa: mabati, banda la makuti uani, mita 9. Nimemsomea mama kwa sauti. Ameniomba nimsomee tena.